Komeo Jipya

Komeo hilo nililipigilia mwenyewe, tena kwa hasira. Nilitumwa ugenini kuhubiri upendo wa jirani, lakini hodi za jirani yangu, Mama Pacha, zilikuwa zimenifika shingoni. Anasema hodi tayari yuko jikoni, anafunua sufuria zangu.

Jumapili nikatangaza kanisani, "Mkikuta mlango wangu umefungwa, ninasali. Msibishe."

Sasa niko sakafuni. Homa imenilegeza magoti nikiwa njiani kwenda kufungua mlango niombe msaada. Koo limevimba, sauti haitoki. Komeo linang'aa pale mlangoni, mkono haulifikii.

"Hodi!" Ni yeye. Mlango ukasukumwa, ukagoma.

"Sukuma kwa nguvu," mumewe akasema.

Nikaguna kwa pumzi yangu yote.

"Wewe! Hukumsikia Jumapili? Mtumishi yuko kwenye maombi. Sikia anavyougua!"

Tangu nifike nimewahubiria wasisengenyane, wasilewe, wasichelewe ibada. Hakuna aliyenisikiliza. Leo wamenisikiliza.

Kwenye upenyo wa chini ya mlango nikaona sufuria ya uji ikiwekwa kizingitini taratibu, isije ikalia. Kisha wakaondoka kwa kunyata.