Kola ya Marehemu

"Nataka gauni ambalo hajawahi kulivaa mtu," bi harusi alisema. Bi Mitindo, fundi cherehani, akamjibu alivyowajibu wote: "Kwangu mshono haurudiwi."

Alipotandaza kitambaa, chaki ilianza kwenda yenyewe mkononi mwake. Ilizunguka bega, ikashuka kifuani, ikaishia kwenye kola aliyoibuni mwalimu wake wa ushonaji, aliyezikwa miaka tisa iliyopita. Akageuka kutazama magauni yaliyoning'inia ukutani. Yote yalikuwa na kola hiyohiyo.

"Dada, unatazama nini?" mdogo wake aliuliza kutoka kwenye cherehani.

Bi Mitindo akahamishia chaki mkono wa kushoto. Mstari ukatoka kombo, unatetemeka, haufanani na wowote.

Mkono wa kulia ukajiinua taratibu, ukaanza kuufuta.

Akavuta kigoda, akaukalia mkono huo, akaendelea kuchora kwa wa kushoto.