Barua za Unga Zinazorudi

Barua pepe ya Mwanakombo ya kuagiza unga wa mikate ilirudi kwa mara ya tatu. Akampigia simu mdogo wake Sekela, mwenye kinu kule Mbeya.

"Mdogo wangu, nimekosea anwani?"

"Hujakosea, dada. Mashine hizi za kupokea barua pepe humtambua mtu kwa mazoea yake, na yetu inakataa kuwa ni wewe. Wewe huanza kwa kumuulizia mama."

"Mama tuliyemzika juzi? Ningeulizaje?"

"Uliza tu, mikate isikwame."

Mwanakombo akaandika shingo upande: *Mama hajambo?* Barua ikapita, na papo hapo jibu likaingia, akalisoma kwa sauti: *Hajambo, anakusalimu sana.*

"Umeandika wewe?"

"Sijagusa kitu." Sekela akaibana simu sikioni. "Hebu nisomee tena, dada."