Nyimbo za Hina ya Ruweida

Mende wa kwanza alimwangukia Sumaya mguuni. Wa pili alitambaa hadi kwenye gurbaba mpya, vazi la Kinubi la bi harusi, iliyokunjwa kitini. Wa tatu, mnene kuliko wenzake, alibaki juu ya feni ya kompyuta akipunga ndevu, nyumba yake ati.

"Funika hiyo takataka," Sumaya alisema, akikung'uta mguu.

"Nikifunika nitatengeneza aje, Mama Ruweida?" Mutuku, fundi waliyemtoa Kawangware, aliinama akapuliza. Likatoka vumbi, mabawa ya mende na makombo ya mandazi. Mandazi, jamani, ndani ya kompyuta.

Sumaya akamgeukia ndugu yake. Ilyas alikuwa jitu zima lenye ndevu, linalolala sebuleni kwa mama yao hapa Makina, linakula juu ya kompyuta na kuchomeka humo kila flash chafu ya muvi. Sumaya alimtazama jinsi mtu anavyotazama kitu alichokanyaga njiani.

"Mimi sijaigusa wiki hii," Ilyas alisema. "Wallahi."

"Nyamaza. Hata kiapo chako kinanuka."

Jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Jioni hii ilikuwa hina ya Ruweida, binti yake wa pekee, na nyimbo zote za hina zilikuwa zimefungiwa ndani ya boksi hilo lisilowaka. Nyimbo za Kinubi, za zamani, alizoziimba mama yao, Mama Suad, enzi kifua chake kilipokuwa kifua, zikarekodiwa. Wengine waliozijua walishazikwa. Bi harusi wa Kinubi apakwe hina kimya kimya kama anayefichwa? Kibera nzima ingesema mpaka ichoke. Nyimbo hizo zilikuwa pia kwenye flash, lakini Ilyas alizifuta apate nafasi ya muvi zake.

Mama Suad mwenyewe alikuwa mkekani karibu na jiko la udi, anakunywa tangawizi kwa asali. Wiki nzima ilikuwa ni tangawizi tu. Kikohozi cha baridi, Sumaya alidhani. Ngoma yake kuukuu ya doluka alikuwa ameitoa chini ya kitanda, na sasa alikuwa akiigeuzageuza juu ya makaa.

"Mama, hiyo nayo ya nini?"

"Mende wameingia. Nawafukuza kwa joto."

Hata ngoma! Sumaya alihisi miguu ya mende ikimtembea shingoni.

"Lakini si mende walioua mashine," Mutuku alisema, macho kwenye kioo kilichojaa maandishi meupe. "Ni mafaili za kuiwasha zimeharibika. Ilikuwa ina-update, ikazimwa ghafla. Na si mara moja."

"Ni stima," Ilyas alidakia. "Token ziliisha."

"Token nanunua mimi, na hazijaisha. Ni wewe na hiyo miguu yako mikubwa, unapiga waya mateke ukilala."

"Iacheni ipumzike," Mama Suad alisema bila kuinua macho. "Imeimba sana. Hata kule Silanga kwa harusi ya Abdelrahim iliimba mpaka ikakauka."

Sumaya aliikumbuka harusi hiyo. Katikati ya wimbo mtamu kuliko zote, MC alipunguza sauti ya Mama ili atangaze gari lililoziba njia. Watu wakacheka. Mama mwenyewe alikuwa ameketi palepale kando ya spika, amepewa soda, tena soda moto. Mpaka leo Sumaya akimwona MC yule hutema mate chini.

Mutuku alichomeka flash yake, akabofya hapa na pale. Mstari wa buluu ukaanza kujivuta kwenye kioo.

"Sawa. Inajirudisha polepole. Lakini disk imechoka, so mtu asiguse kitu. Ikizimwa tena hapa katikati, hakuna kompyuta na hakuna nyimbo."

"Hata wewe fundi hutaweza?" Mama Suad aliuliza.

"Hata mimi, mathe. Itabaki ya kuuzia watu wa vyuma."

Mama Suad aliitikia kwa kichwa, akauvuta mkeka wake mpaka ukutani, kwenye soketi. Mgongo, alisema, unataka mahali pa kuegemea.

Sumaya alimfukuza Ilyas akapange viti uani, maana hakuamini hata kivuli chake karibu na waya ule. Kisha akampeleka Mutuku jikoni apate chai. Yeye akanawa mikono kwa sabuni, akanusa, akanawa tena. Uchafu wa boksi lile ulikuwa umemwingia mpaka kwenye kucha.

Ndipo sauti ikatoka sebuleni. Ilianza kwa mkwaruzo, ikapapasa njia, kisha ikafunguka: wimbo wa hina, ule ule mtamu kuliko zote, na doluka ikiupigia mdundo. Huko uani wanawake wakapiga vigelegele. Ruweida alikuja mbio akilia na kucheka.

"Imepona," Sumaya alisema. Machozi yalimlenga, akayaacha.

Mutuku alishusha kikombe. "Haiwezi," alisema. "Haikuwa imefika hata nusu."

Sumaya alifungua mlango wa sebule, mikono ikimchuruzika povu. Kioo kilikuwa cheusi ti, na mende mmoja alikuwa akikipanda taratibu. Mama Suad alikuwa mkekani, ngoma mapajani, macho ameyafumba, anaimba, na waya wa kompyuta, uliochomolewa kwenye soketi, ameukalia.