Mfarishi wa Malak

"Tunakuja dukani kwako. Hunijui, sikujui."

Bi Fajr aliuandika ujumbe ule kwa kidole gumba, amejibanza nyuma ya majora ya vitambaa katika duka moja la mtaa wa Al Khoudh. Vidole vingine vilikuwa haviwezi. Baridi yabisi ilivikunja tangu mwaka juzi. Sindano haikushikika, na subana haikuingia tena. Aliutuma, kisha akatoka na uso wa mtu aliyekuwa akichagua rangi.

"Umepata, Bibi?" aliuliza Malak.

"Zote zimepauka, mwanangu. Turudi nyumbani."

"Nyumbani wapi? Duka moja bado."

Malak, mjukuu aliyemlea mwenyewe, alikuwa anaolewa Ijumaa. Mama mkwe alitaka kumletea matandiko ya dukani, mazuri, yamefungwa utepe. Malak akayakataa mbele ya watu. Alisema yeye atajifunika mfarishi wa viraka ulioshonwa na bibi zake watatu kwa mikono yao: Bi Fajr na mashoga zake wawili, Bi Nawar na Bi Rayya. Wazee wakagawana kazi, kila mmoja kipande kimoja, kila mmoja nyumbani kwake. Sasa ilibaki bitana ya kuvishika vipande vitatu viwe kitu kimoja. Kwa shukrani, Malak akawapangia ziara ya maduka: Wattaya asubuhi, Al Khoudh, chakula cha mchana, halafu Mawaleh.

Shida ilikuwa Mawaleh. Huko ndiko alikokuwa Jerusha, fundi wa Kikenya, na Jerusha ndiye aliyekishona kipande cha Bi Fajr, toka kiraka cha kwanza hadi cha mwisho.

Kumwambia mtoto hakuweza. Ijumaa iliyopita Malak alivitandaza vipande vyote kitandani, akapitisha kiganja juu ya mishono, machozi yakamtoka.

"Tazameni! Kama mkono mmoja!"

"Miaka arubaini ya ushoga, mjukuu wangu," alisema Bi Rayya. "Hata mikono hufanana."

Bi Nawar alikishika kipande mbali na macho, akakisogeza mbali zaidi, akasema wallahi ni kweli.

Bi Fajr alimsifu Jerusha kimoyomoyo. Alimpelekea picha ya kazi ya Nawar tu, naye akaiga kila tundu la sindano!

Walipoingia garini baada ya chakula, Malak alisoma simu yake. "Huyu wa Mawaleh anasifiwa sana. Karibu na lilipokuwa soko la mboga."

"Soko la mboga?" Bi Rayya aliruka. "Tunatafuta bitana au vitunguu?"

"Tena leo Jumanne," alidakia Bi Nawar. "Yule hafungui mpaka jioni."

"Kumbe unamjua, Bibi Nawar?"

"Mie? Nimesikia tu. Watu wanasema."

Bi Fajr aliwatazama mashoga zake kwa mapenzi. Hawakujua lolote, na bado wanamwokoa. Huo ndio ushoga.

"Nna kichwa kinanigonga," aliongeza yeye.

"Dawa nnayo," alisema Malak, akatia gia. "Bibi, nimewaambia watu wote. Mama mkwe atakuja na dada zake kuuangalia. Mfarishi bila bitana nitawaonyesha nini?"

Njiani Bi Rayya aliomba wasimame kituo cha mafuta, akaenda msalani na simu mkononi, akakawia. Bi Nawar aliisogeza simu yake mdomoni akanong'ona. Alisema anamkumbusha binti yake dawa ya sukari. Bi Fajr alikuwa akisoma dua zote alizozijua.

Duka lilikuwa wazi. Jerusha alikuwa kwenye cherehani, utepe wa kupimia shingoni. Aliwaangalia wazee mmoja baada ya mwingine, taratibu, uso mkavu kama ukuta.

"Karibuni kabisa. Ndiyo mara ya kwanza kufika hapa?"

"Ya kwanza," walijibu wazee watatu kwa pamoja.

Malak alivitandaza vipande mezani. Jerusha aliinama, akavichunguza muda mrefu kuliko Bi Fajr alivyoweza kuvumilia.

"Nani ameshona hii?"

"Bibi zangu hawa. Kwa mikono yao."

"Kwa mikono yao!" Jerusha alitikisa kichwa. "Mimi nimeshona miaka kumi na tano, kazi safi namna hii naijua nikiiona. Hongereni, bibi zangu."

Bi Rayya alipatwa na kikohozi. Jerusha alishusha jora la bitana rangi ya maziwa, akatia mkasi.

"Hupimi?" aliuliza Malak.

Mkasi ulisita. "Macho yangu yamezoea," alisema Jerusha, akauvua utepe shingoni na kupima polepole, kama mwanafunzi.

Walirudi garini na bitana yao. Bi Fajr aliegemea kiti, akaachia pumzi aliyokuwa ameishika toka Al Khoudh. Fundi yule anajua kutunza siri, binti wa watu. Ijumaa mama mkwe ataushika mfarishi, ataugeuza huku na huku, na hatakuwa na la kusema. Nyuma, Bi Nawar na Bi Rayya walikuwa wameanza kucheka ovyo, kama wasichana waliotoka mtihanini.

Hapo simu tatu zikalia kwa mlio mmoja.

"Bibi zangu, mnatafutwa!" Malak alicheka.

Kicheko cha nyuma kilikatika. Bi Fajr aliifungua yake kwa kidole gumba.

"Bibi zangu, nimeona niwajibu kwa pamoja. Msiwe na wasiwasi. Nyote watatu siwajui."