Nusu Kichwa

Jumamosi, tarehe kumi na mbili Aprili. Mawingu yalikuwa mazito tangu alfajiri na manyunyu yalikuwa hayajakatika. Fundi bomba alikimbia vichochoroni amejifunika koti kichwani, lakini si kwa sababu ya manyunyu. Upande wa kulia alikuwa amenyolewa, upande wa kushoto bado.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na mashine ya kinyozi wa barabara kuu ikazimika katikati ya kazi. Na harusi ya fundi bomba ilikuwa saa nne.

"Ee Mungu, usiniache niaibike mbele ya watu wako," aliomba, akiruka madimbwi.

Sala ilijibiwa upesi, ila jibu halikuwa lile alilolitaka. Mbele yake, katika uchochoro wenye giza, kibanda kimoja cha kinyozi kilikuwa kinawaka taa. Paneli za sola zilikuwa juu ya bati.

Alisita. Kwanza, shangazi yake alikuwa amemkataza kukanyaga uchochoro ule leo. Pili, ni yeye mwenyewe aliyeshinda wiki nzima akisema kibanda kile kifungwe. Mwanamke gani anashika vichwa vya wanaume kutwa? Na hizo sola, siku ya mawingu si zitalala usingizi?

Hazikuwa zimelala. Simu za majirani zilijipanga mezani zikichajiwa, na waya mmoja ulitoka dirishani kwenda kwa fundi cherehani, ambaye mashine yake ilinguruma bila wasiwasi.

Mwenye kibanda alikuwa amejifunga kitambaa kichwani na kuvaa glavu. Alimtazama, akashika kiuno.

"Bwana wee! Mbuzi gani huyu aliyekula upande mmoja akasaza mwingine?"

Watu kibarazani wakaangua kicheko.

"Usinicheke. Nina harusi."

"Nilisikia kibanda hiki kinafungwa. Wewe hukusikia?"

"Nilisema vibaya."

"Hilo umeliona leo, kichwa kikiwa nusu?"

"Nimeona na cherehani pia. Na simu. Nisamehe."

"Kusamehe nimeshasamehe. Lakini ulisema mbele za watu, utaifuta kauli hiyo mbele za watu. Na si hawa wa kibarazani tu. Wote."

"Nitaifuta. Mungu ananisikia."

"Haya, kaa. Na usitikisike, nisije nikakukata sikio siku kama ya leo."

Mashine ikaanza kuimba. Nywele zikaruka huku na huko.

"Mbona umevaa glavu?" aliuliza, kidevu kikiwa kifuani.

"Sitaki kuharibu kucha. Nami nina shughuli."

Bibi mmoja aliyekuwa akingoja simu yake akagonga ukuta kwa mkongojo. "Fanyeni haraka, wajukuu zangu! Saa nne hiyo inakuja!"

Saa nne ilimkuta amesimama mbele ya mchungaji, kichwa kinang'aa pande zote mbili. Kando yake bibi harusi aliinamisha uso, mabega yakimtetemeka. Shangazi akadhani analia, akatafuta leso.

Fundi bomba akafunua shela. Kwenye nyusi za bibi harusi ulikuwa umenasa unywele mmoja mfupi. Akaupuliza taratibu, kisha akawageukia watu wote.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," alisema kwa sauti, "naahidi: mke wangu hatafunga kibanda chake."