Mwenye Sharubu

Tunu alipofunua tangi la kioo sebuleni, visamaki alivyovichota mtaroni baada ya mafuriko vilikuwa vimebaki viwili. Hakujua ni vya aina gani. Alivilea tu, kama watoto wa kuokota. Sasa kimoja kilikuwa kimenona na kuota sharubu.

"Kambare huyo," alisema mumewe Shomari, chujio mkononi. "Mtoe kabla hajammaliza na huyo mwenzake. Kwani ulikuwa ukiwalisha nini?"

"Unga wa dagaa."

"Basi wewe ndiye uliyemwonjesha samaki."

Tunu akampokonya chujio, akalizamisha. Yule mdogo akajibanza pembeni. Kambare hakukimbia. Alipouona mkono wa Tunu akapanda juu, kama kila asubuhi, akaachama.