Shahidi Mwenyeji

Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, Tahera alirudishwa kwenye benchi la ofisi ya mtaa kwa mara ya tatu. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini kufika saa sita, na saa sita ndiyo mwisho wa kupokea fomu za wazazi wanaogombea ujumbe wa kamati ya shule. Fomu yake ilikosa kitu kimoja tu: muhuri wa ofisi hiyo, wa kuthibitisha kwamba ni mkaazi wa Keko.

Aliinuka tena.

"Nimezaliwa hapa," alimwambia karani, kijana aliyeitwa Venance. "Wanangu watatu wanasoma shule hiyo."

"Mie sikatai, mama. Lakini nyie Wahindi mna kwenu. Leta cheti cha kuzaliwa cha babu yako."

"Hawa ulioanza kuwagongea, umewadai vyeti vya babu zao?"

"Babu yangu alizaliwa shambani!" akadakia mama mmoja kwenye foleni. "Cheti angepewa na nani, kunguru?"

Watu wakacheka. Venance akakunja uso, kisha macho yake yakatua kwa mwanamke aliyekuja na Tahera: mtu mzima, mweusi wa kung'aa, amejitanda kanga, ametulia kimya tangu asubuhi.

"Shikamoo, mama," Venance akamwamkia.

"Shikamoo," mwanamke akajibu kwa heshima zote.

Venance akaangua kicheko. "Mama ananitania! Huyu lazima ni mtani wangu. Haya, nakusaidia, mama Mhindi. Utaratibu unaruhusu shahidi mwenyeji. Mtani wangu huyu akikutilia sahihi, nagonga muhuri."

"Una hakika ni mwenyeji?" Tahera aliuliza. "Hujamwuliza hata jina."

"Mtu wa hapa haulizwi. Anatazamwa tu. Damu haifichiki."

"Basi yaandike hayo daftarini, kama ulivyoyasema."

Venance akaandika kwa mbwembwe huku akijisomea kwa sauti, foleni nzima ikimsikia: *Shahidi ni mwenyeji. Ametambuliwa kwa sura.* Akainua kalamu.

"Haya, mtani, jina?"

Mwanamke alitabasamu tu. Tahera alimnong'oneza maneno mawili, naye akafungua mkoba. Tahera akapokea kilichotolewa, akakiweka wazi juu ya daftari, mbele ya macho ya wote. Ilikuwa pasipoti ya India.

"Anaitwa Farheen," alisema. "Amezaliwa Gujarat, kama mama yake na bibi yake, na ametua nchini juzi kunitembelea. Kiswahili anachojua ni shikamoo tu. Sasa nigongee muhuri wangu, bila shahidi."

Nawe uliyeisoma hadithi hii, msomee jirani yako asiyejua kusoma.